Pengo la Historia Lisifichwe

Programu inayotunza historia ya kazi za watu haina ruhusa ya kuipotosha historia hiyo. Lakini rekodi za zamani zikikosekana, zana zetu nyingi ama hugoma kabisa, ama hujifanya hakuna kilichopungua. La pili ndilo baya zaidi.

Tazama kerneli ya Linux. Kazi ilianza 1991. Linus Torvalds, mwanzilishi wake, alipoiingiza kwenye Git, programu ya kutunza historia ya msimbo, Aprili 2005, historia ya nyuma aliiacha nje: ilikuwa kama gigabaiti 3.2, mzigo mzito kwa chombo kichanga. Simlaumu. Alieleza waziwazi ndani ya komiti (rekodi ya badiliko) yenyewe, ile ambayo namba yake inaanza na 1da177e4c3f4.

Sasa iulize amri ya git blame ni nani aliyeandika mstari mkongwe ambao haujaguswa tangu hapo. Itakujibu: Torvalds, 16 Aprili 2005. Hata kama mstari huo ni jasho la mtu mwingine, la miaka mingi kabla! Na Git inajua kwamba imefika ukingoni, ndiyo maana hutanguliza alama ya ^ mbele ya namba ya komiti. Alama moja tu, ambayo mgeni hawezi kuielewa, ndiyo iliyoachiwa kulinda haki ya waandishi wote wale.

Nakala fupi ya mradi, ile ya --depth 1 inayopakua komiti ya mwisho tu, ina balaa lilelile. Huku kwetu, ambako data hununuliwa kwa vifurushi, wengi hawana budi kuichukua. Git huandika katika faili la .git/shallow mahali ilipokatia. Vema. Lakini endesha humo git shortlog, inayoorodhesha waandishi: utapewa jina moja, kana kwamba mradi mzima ni wa mtu huyo, bila neno la tahadhari.

Kisha komiti moja ya zamani ikiharibika kwenye diski, git log, inayoorodhesha komiti, hufika hapo ikafa. Kwa nini ife? Namba ya mzazi, yaani komiti iliyotangulia, imo ndani ya komiti ya mtoto, herufi zote 40. Kilichopotea kinajulikana! Iandike kwamba mzazi huyu hayupo, itaje namba yake, iendelee na matawi yaliyo hai.

Hata kuunga historia iliyokatika kunawezekana: git replace --graft ipo, na historia ya kerneli ya 2002 hadi 2005 imehifadhiwa katika hazina yake. Basi wanaotunza zana hizi waandike "historia imeishia hapa", kwa maneno kamili, pale pale wanapoweka leo jina la asiyehusika.