Kurudiwa kwa Jina la Hiari

Januari 1974, ndani ya meli Apollo, L. Ron Hubbard, mwanzilishi wa kanisa la Scientology, alianzisha mpango wa kuwarudi watumishi waliokosea. Uliwahusu Sea Org, kikosi cha kanisa hilo ambacho wanachama wake hutia saini mkataba wa miaka bilioni moja.

Waliotoka humo wanasimulia mazito waliyopitia katika mpango huo: nguo nyeusi, kukimbia badala ya kutembea, kula baada ya wengine, kutozungumza mpaka wasemeshwe, na kazi za sulubu kwa miezi, hata miaka. Kanisa linakana; linasema ni urekebishaji wa kiroho ambao mtu huukubali mwenyewe.

Jibu hilo halitoshi. Mtu aliyeingia angali kijana, hana akiba wala nyumba, na anajua akitoroka ndugu zake waumini watamtenga, anachagua nini hasa?

Mwaka 2012 mahakama ya rufaa ya Marekani iliwakatalia mume na mke waliodai kwamba Sea Org iliwalazimisha kufanya kazi. Majaji waliona walikuwa na nafasi nyingi za kuondoka. Mlango waliuona, gharama ya kuupita hawakuipa uzito. Wabunge wa Marekani waandike wazi: kumzuia mtu kazini kwa tishio la kumpokonya familia ni kumlazimisha.