Siku Kama Hii: Tarehe 1 Julai

Kila tarehe 1 Julai makarani wa Serikali katika Kenya, Uganda na Tanzania hufungua vitabu vipya vya hesabu, maana hiyo ndiyo siku ya kwanza ya mwaka wa fedha. Lakini katika historia ya Afrika ya Mashariki siku hiyo ina hesabu nyingine, nayo ni hesabu ya mipaka.

Mwaka wa 1890, tarehe 1 Julai, wajumbe wa Uingereza na Ujerumani walitia sahihi mkataba katika mji wa Berlin. Ujerumani ilipewa Heligoland, kisiwa kidogo cha Bahari ya Kaskazini ambacho mtu aweza kukizunguka kwa miguu kabla ya adhuhuri. Nayo ilikubali Unguja na Pemba ziwe chini ya ulinzi wa Uingereza, ikaacha na madai yake juu ya Witu. Mkataba huo ulithibitisha pia mstari uliopatanwa mwaka wa 1886: kutoka mdomo wa mto Umba, karibu na Vanga, mpaka ziwa Jipe, ukapita kati ya Taveta na Uchaga, ukazunguka chini ya Kilimanjaro upande wa kaskazini, kisha ukaenda moja kwa moja mpaka ziwa Victoria. Sasa ukavushwa ziwani hata mpaka wa Kongo. Wadigo, Wamaasai na Wakuria waligawanywa huku na huku, wala hakuna aliyewauliza. Wahenga walisema kuwa fahali wawili wakipigana, ziumiazo ni nyasi. Siku ile fahali walipatana, na nyasi zikagawanywa.

Mwaka wa 1895, tarehe iyo hiyo, jambo lingine lilitokea Mombasa. Kampuni ya Kiingereza iliyopewa hati ya Malkia mwaka wa 1888 ilikuwa imeishiwa na fedha, na Serikali ya Uingereza ikaishika nchi mahali pake. Ukanda wa pwani ulihesabiwa bado kuwa milki ya Sultani wa Unguja, na bendera yake nyekundu ikaendelea kupepea Mombasa hata mwaka wa 1963. Lakini amri zilitoka kwa Waingereza. Mwaka uliofuata kazi ya kujenga reli ilianza.

Zamu ya Waafrika ilipofika, siku hii ilirudi tena. Tarehe 1 Julai, 1960, nchi mbili za Wasomali, moja iliyotawaliwa na Waingereza na nyingine na Waitalia, ziliungana kuwa Jamhuri moja. Miaka miwili baadaye, tarehe 1 Julai, 1962, mambo yalikwenda kinyume chake: Ruanda-Urundi, iliyokuwa mikononi mwa Wabelgiji kama nchi moja ya udhamini, ilipata uhuru ikiwa nchi mbili. Rwanda ilikuwa jamhuri chini ya Rais Grégoire Kayibanda, na Burundi ufalme chini ya Mwami Mwambutsa wa Nne.

Je, mistari ya Wazungu ifutwe? Wakuu wa Afrika walijibu swali hilo walipokutana Cairo mwezi wa Julai, 1964. Waliazimia kwamba kila nchi iiheshimu mipaka iliyoikuta siku ya uhuru, kwa kuwa waliogopa vita visivyo na mwisho. Somalia na Morocco hazikuridhika.

Basi, ikiwa mpaka haufutiki, labda waweza kulegezwa. Tarehe 1 Julai, 2007, Rwanda na Burundi ziliingia rasmi katika Jumuiya ya Afrika Mashariki pamoja na Kenya, Uganda na Tanzania. Miaka mitatu baadaye, tarehe 1 Julai, 2010, Itifaki ya Soko la Pamoja ilianza kutumika, miaka 120 kamili tangu ule mkataba wa Berlin. Itifaki hiyo yaruhusu bidhaa, watu, kazi, huduma na mitaji kuvuka mipaka ya nchi hizo.

Lakini yaliyoandikwa si lazima yawe yametendeka. Tangu Januari, 2014, raia wa Kenya, Uganda na Rwanda wameweza kuvuka kwa kitambulisho tu, bila pasipoti. Tanzania na Burundi hazikuingia katika mapatano hayo. Tena, mwezi wa Machi, 2021, Kenya ilizuia mahindi ya Uganda na Tanzania kwa sababu ya sumu ya kuvu, na malori yakasimama mpakani. Baada ya siku chache zuio hilo liliondolewa, ila kwa masharti ya vyeti na ukaguzi.

Mkulima mwenye magunia yake anajua kwamba kuvu ni hatari ya kweli, na kwamba cheti kina kazi yake. Ajua vilevile kwamba mahindi hayakai yakingojea barua za ofisini. Waliotia sahihi mwaka wa 1890 hawakumwuliza babu yake neno lolote. Waliotia sahihi Itifaki walitia kwa jina lake. Kwa hiyo ana haki ya kuisoma, na kuuliza mpakani kwa nini haifuatwi.