*TAARIFA YA TAWI LA MANDEWA: GARI LA BOSI KULALA KWAKO SI DENI LAKO*



Kamati ya Tawi imepokea malalamiko ya wanachama wanaoendesha magari ya waajiri hapa mjini: kirikuu za kusambaza bidhaa, Canter za mizigo, pikipiki za mauzo. Malalamiko yote ni ya aina moja. Jioni mwajiri anasema, "Nenda nalo nyumbani, asubuhi uanzie huko huko." Mwisho wa mwezi mshahara unakuja umepungua, na ukiuliza unaambiwa ni "pesa ya gari."

Hatutaji jina la kampuni wala la mtu, kwa sababu madai yanapaswa kusikilizwa mahali pake. Lakini jambo lenyewe tunalitaja wazi: *hii ni dhuluma, na inakwenda kinyume cha sheria.*

*1. Gari linalala Mandewa kwa faida ya nani?*

Mwajiri hana yadi. Angekuwa nayo, angelipa mlinzi wa usiku, angeweka uzio, angefunga taa. Gharama zote hizo amezikwepa kwa kumgeuza dereva kuwa yadi. Wengi wetu nyumba zetu hazina ukuta, hivyo dereva anamwomba jirani mwenye geti na anamwachia chochote ili gari lilale salama. Betri ikichomolewa usiku au tairi la spea likiondoka, anayeulizwa ni yeye. Alfajiri gari linaanzia kwake kwenda Misuna kupokea mzigo, na mwajiri ameokoa saa nzima.

Sasa tuseme anamkata 1,000 kwa kila siku ya kazi. Kwa siku 26 ni 26,000 kwa mwezi, na kwa mwaka ni 312,000. Kila mmoja aweke hapo kiasi anachokatwa yeye, apige hesabu. Anayetoa huduma ya ulinzi ndiye anayelipishwa! Kama kuna deni hapa, basi mwajiri ndiye mdaiwa.

*2. "Ni kodi ya TRA."*

Hiki ndicho kisingizio kinachowanyamazisha wengi, kwa hiyo tukipime kwa namba. Ni kweli Sheria ya Kodi ya Mapato ya mwaka 2004 inahesabu faida anayopata mfanyakazi anapotumia gari la mwajiri kwa shughuli zake binafsi. Lakini inahesabu kiasi gani? Kwa gari lenye injini isiyozidi cc 1000 na umri wa zaidi ya miaka 5, kinachoongezwa kwenye kipato cha mfanyakazi ni shilingi 125,000 kwa *mwaka mzima*. Na hiyo si kodi, ni kiasi ambacho kodi inakokotolewa juu yake. Kirikuu nyingi tunazoziona hapa zina injini ya cc 660.

Dereva wa 350,000 kwa mwezi yuko kwenye kiwango cha asilimia 8. Hata tukikubali kwamba kulala na gari ni matumizi binafsi, kodi yake hapo ni 10,000 kwa mwaka, yaani kama shilingi 833 kwa mwezi. Ambaye mshahara wake hauvuki 270,000 hata baada ya kuongeza faida hiyo halipi chochote. Tena, kama mwajiri hadai gharama za gari hilo kwenye hesabu zake za kodi, faida hiyo haihesabiwi kabisa.

Kati ya 10,000 na 312,000 kuna 302,000. Hiyo haiendi Serikalini, inaingia mfukoni mwa mtu. Anayekwambia ni TRA, mwombe karatasi ya mshahara inayoonyesha kodi hiyo.

*3. "Alikubali mwenyewe."*

Kifungu cha 28 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini Na. 6 ya mwaka 2004 kinamkataza mwajiri kukata mshahara isipokuwa kwa njia zilizotajwa: sheria, mkataba wa pamoja wa wafanyakazi, amri ya mshahara, amri ya mahakama au tuzo ya usuluhishi, au mfanyakazi akubali *kwa maandishi* kwamba anakatwa kulipa *deni*. Kutikisa kichwa ukiwa kwenye usukani si maandishi. Na kuegesha gari ulilopewa na mwajiri, kwa agizo lake, hakujawahi kuwa deni.

Hata pale gari linapopata hasara, sheria haimwachii mwajiri akate anavyojisikia. Lazima hasara iwe imetokea kazini kwa kosa la mfanyakazi. Lazima aelezwe kwa maandishi chanzo na hesabu yake, apewe nafasi ya kuipinga, asidaiwe zaidi ya hasara halisi, na makato yasizidi robo ya mshahara wake wa fedha.

Wapo wajanja ambao hawakati. Wanalipa mshahara kamili, kisha wanataka sehemu yake irudishwe kwa simu. Kifungu hicho hicho kimewaona: mwajiri haruhusiwi kumtaka mfanyakazi arudishe mshahara wake, isipokuwa pale alipomzidishia kwa makosa ya hesabu.

*4. "Madereva wanabebea mkaa usiku."*

Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Wapo wanaofanya hivyo, na Tawi haliwatetei. Anayechukua gari la mwajiri akapiga dili zake kwa mafuta ya mwajiri anakosea. Dawa yake ni kitabu cha safari, kusoma kilomita jioni na asubuhi, na hatua za nidhamu kwa aliyekosa. Kumtoza kila dereva ni kuwahukumu wote kwa kosa la mmoja. Na mwajiri akishapokea pesa ya usiku, atamkatazaje dereva kubeba mkaa kwenye gari alilolilipia?

Hapa tusichanganye mambo. Dereva wa bajaji anayepeleka hesabu kwa mwenye chombo yuko kwenye makubaliano mengine: chombo kinamwingizia yeye, naye anatoa hesabu. Mwajiri tunayemzungumzia anataka yote mawili. Mchana wewe ni mfanyakazi wake, usiku ni mpangaji wa gari lake. Na akikuita saa 5 usiku upeleke mzigo, unageuka tena mfanyakazi, bila nyongeza ya angalau asilimia 5 ambayo sheria inaagiza kwa kazi ya kati ya saa 2 usiku na saa 12 asubuhi.

*5. Kwa waajiri walio wanachama wetu*

Tunasema bila kuzunguka: baadhi ya magari haya ni ya wanachama wenzetu, wanaochangia Tawi na kukaa mbele kwenye mikutano. Michango yenu tunaithamini, lakini hainunui ukimya wetu. Chama hakiwezi kusimama jukwaani kuzungumzia wanyonge huku gari lililoleta viti vya mkutano limelipiwa na dereva. *Acheni makato haya, na rudisheni mliyokwisha kukata.* Mkihitaji gari lilale kwa dereva, andikeni kwenye mkataba, na gharama ya ulinzi ibebeni nyinyi.

*6. Wewe unayekatwa, fanya hivi*

▪ Tunza karatasi za mshahara, meseji na miamala ya simu. Andika tarehe na kiasi.
▪ Mwandikie mwajiri barua ya kupinga, ubaki na nakala.
▪ Jiunge na chama cha wafanyakazi. TUICO na COTWU wapo kwa kazi hii.
▪ Asiposikia, nenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi (CMA) ukajaze fomu namba 1. Muda ni *siku 60* tangu mgogoro ulipotokea, na ukichelewa lazima utoe sababu za msingi. Usisubiri mwaka uishe.
▪ Ukiachishwa kazi kwa sababu umedai haki yako, huko ni kuachishwa isivyo halali. Fungua shauri ndani ya *siku 30*. Aliye kazini chini ya miezi 6 hana kinga hiyo, hivyo aanze kwa kuonana na Kamati.

Mwenye tatizo hili amwone mjumbe wa shina lake. Kamati itamsaidia kuandika barua na kumsindikiza CMA, hata kama mwajiri wake ni mjumbe wa Kamati hii.

Soma, kisha mtumie dereva mmoja unayemfahamu.

*Imetolewa na:*
Kamati ya Tawi
Mandewa, Singida