Kipimo Kifuate Kosa Tunaloliogopa

Sisi walimu hupenda kipimo kinachotufurahisha. Tunauliza tulilofundisha, kwa mpangilio tuliolifundisha, kisha tunatoa alama. Ni maoni yangu kwamba kipimo cha namna hiyo ni nusu ya kipimo, na ushahidi nitautoa katika ufundi wa kompyuta.

Iko programu iitwayo haipavaiza. Kazi yake ni kuifanya kompyuta moja itumike kana kwamba ni kompyuta kadhaa. Kompyuta halisi huitwa mwenyeji. Zile za kuigiza huitwa wageni. Mgeni hana diski yake mwenyewe, bali hupewa kifaa cha kuigiza, ambacho kwa hakika ni programu tu. Ndani ya mgeni imo draiva, yaani programu inayokitumia kifaa hicho amri. Je, fundi avijaribu vipi viwili hivyo?

Fundi wa majahazi wa Pangani angelielewa swali hili upesi. Kwanza hukagua kalafati, ubao baada ya ubao, chombo kikiwa nchi kavu. Kisha hukishusha katika maji matulivu. Mwisho hukitoa nje ya mwamba, penye upepo wa kusi. Fundi wa kompyuta naye anazo njia tatu. Aweza kujaribu kila kipande cha programu peke yake: njia hii ni ya haraka na huonyesha kosa lilipo, lakini haioni makosa yanayozaliwa vipande vinapokutana. Aweza kumwasha mgeni mzima na kumwachia afanye kazi zake: hapo makosa ya kukutana huonekana, ila mgeni mwema hutuma amri njema tu. Tatu, aweza kukirushia kifaa amri za ovyo, maelfu kwa maelfu, aone kama kitavumilia.

Anayeiacha njia hii ya tatu hujidanganya. Mwaka 2015 ilitangazwa dosari iliyopewa jina la VENOM katika QEMU, programu inayoigiza vifaa vya kompyuta. Dosari ilikuwa katika sehemu inayoigiza kifaa cha kusomea disketi, nayo ilikuwamo tangu 2004. Sehemu hiyo ilikuwa na ghala la muda la baiti 512. Mgeni mkorofi aliweza kutuma amri zilizolifurisha ghala hilo, na kwa mwanya huo kumhatarisha mwenyeji pamoja na wageni wengine. Aliyeuliza, "Je, disketi inasomeka?" angelijibiwa "Ndiyo" kwa miaka 11 mfululizo. Jibu lilikuwa sahihi. Swali ndilo lililopungua.

Ndugu mwanachuo, tazama sasa kazi yetu. Unapofanya zoezi la kufundisha mbele ya wenzako chuoni, hao ni wageni wema: wanajua jibu, nao wanakuonea huruma. Darasa la pili huko Muheza au Mkinga halitakuonea huruma. Kadhalika, mtoto anayeimba jedwali la saba toka mwanzo hajapimwa mpaka umuulize saba mara nane ghafla. Na yule uliyemfundisha kuhifadhi kazi yake katika kompyuta hajapimwa mpaka umuulize atafanya nini umeme ukikatika katikati ya kazi.

Wapo watakaosema: basi tuanze na kusi moja kwa moja. Sikubaliani nao. Jahazi lisilokaguliwa kalafati likizama, hutajua ni ubao upi uliovuja. Mtoto naye akishindwa swali gumu kabla ya kupimwa hatua ndogondogo, hujui umsaidie wapi. Njia zote tatu zina mahali pake na zamu yake. Kosa ni kutia nanga bandarini na kudhani safari imekwisha.

Kwa hiyo, kabla ya kutunga swali, andika kwanza kosa unaloliogopa. Kisha chagua kipimo kinachoweza kulifichua.