Mchuma janga na wa kwao

JICHO LA JIRANI
Na Asha Makame

Machi 2016 wakuu wa nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki walikutana Arusha wakatoka na azimio zito: nguo na viatu vya mitumba vipunguzwe hatua kwa hatua, na ndani ya miaka mitatu vikome kabisa kuingia kwetu, ili viwanda vya nguo vya ukanda huu vifufuke. Miaka miwili baadaye, aliyebaki amesimama na azimio lile alikuwa mmoja tu, Rwanda, na ndiye aliyeadhibiwa.

Yaliyotokea katikati yanafaa kukumbukwa. Mwaka 2017 chama cha wafanyabiashara wa nguo zilizotumika nchini Marekani kilipeleka malalamiko serikalini kwao, kikidai kwamba azimio la Arusha linahatarisha ajira za Wamarekani na linakwenda kinyume na masharti ya AGOA, mpango uliokuwa ukiziruhusu bidhaa nyingi za Afrika kuingia Marekani bila ushuru. Kenya ilijitoa mapema. Tanzania na Uganda zikarudi nyuma baadaye. Rwanda, iliyokuwa imepandisha ushuru wa mitumba kutoka senti 20 za dola kwa kilo hadi dola 2.50, ilikataa kuushusha. Julai 2018 Marekani ikazifutia nguo za Rwanda nafuu ya AGOA. Majirani tulitazama.

Ni rahisi kuiita Kenya msaliti, na wengi walifanya hivyo. Lakini tupige hesabu kwa haki. Viwanda vya Athi River vinashona nguo za soko la Marekani na kuajiri maelfu ya watu, wengi wao kina mama. Rwanda ilikuwa ikiuza Marekani nguo chache mno. Azimio lilikuwa moja, bei yake haikuwa moja. Aliyetakiwa kulipa zaidi ndiye aliyekimbia kwanza, na hakuna aliyemwambia kwamba akipoteza soko lile, wenzake watamfidia kwa njia hii au ile.

Hata ndani ya nchi, swali la nani atabeba hasara halikuulizwa. Nenda soko la Karume, Ilala, Dar es Salaam, asubuhi robota la mitumba linapokatwa kamba. Wanaochagua wa kwanza hulipa bei ya juu. Nguo zinazobaki hushuka bei kadiri saa zinavyokwenda, hadi jioni zinamwagwa chini, chagua mwenyewe. Kwenye robota moja wanapata riziki aliyelinunua, mbebaji, fundi wa kupunguza suruali na mama anayepita mtaani na magauni mawili begani. Azimio lilitaja viwanda vijavyo. Kuhusu hawa, watakula nini katika miaka ya kusubiri viwanda hivyo, lilikuwa na maneno machache.

Kwenye mkataba wa ubia wa kiuchumi na Umoja wa Ulaya, maarufu kama EPA, hadithi ilikuwa ileile. Tanzania, Uganda, Rwanda na Burundi zimo katika kundi la nchi zenye maendeleo duni zaidi, hivyo zinauza Ulaya bila ushuru hata pasipo mkataba. Kenya haimo. Muda wa mwisho ulipopita bila makubaliano, kuanzia Oktoba hadi karibu na Krismasi ya 2014, maua ya Kenya yalitozwa ushuru Ulaya. Wakulima wa waridi wa Naivasha walilipa. Sisi wengine hatukuhisi chochote.

Septemba 2016 Kenya na Rwanda zikasaini. Tanzania ilikataa, na Bunge likaunga mkono msimamo huo Novemba mwaka huohuo. Hoja zetu zilikuwa na uzito: rais wetu wa zamani, Mzee Benjamin Mkapa, alikuwa ameonya kwa muda mrefu kwamba kufungulia soko bidhaa za Ulaya kutaua viwanda vyetu vichanga. Lakini kukataa hakukutugharimu, na kwa jirani kulikuwa na gharama. Mwishowe Kenya ilikwenda peke yake. Ilisaini mkataba wake Desemba 2023, ukaanza kutumika Julai 1, 2024. Jumuiya yenye ushuru mmoja wa forodha sasa ina mwanachama mwenye mapatano yake na Ulaya, na ofisa wa forodha pale mpakani Namanga ana sababu ya ziada ya kukagua cheti cha uasilia wa bidhaa.

Linganisha na Lithuania, nchi yenye watu wasiofika milioni 3. Mwaka 2021 iliruhusu Taiwan kufungua ofisi ya uwakilishi katika mji wake mkuu, na bidhaa za Lithuania zikaanza kukwama katika forodha za China. Umoja wa Ulaya haukuiacha. Januari 2022 ulifungua shauri katika Shirika la Biashara Duniani kwa niaba yake, ukairuhusu kuzisaidia kwa fedha kampuni zilizoumia, na mwaka 2023 ukapitisha sheria ya kujibu shinikizo la kiuchumi dhidi ya mwanachama yeyote. Shauri lile halikufika kwenye hukumu, ila ujumbe ulifika. Wahenga walisema mchuma janga hula na wa kwao. Lithuania ilikula na wa kwao. Rwanda ilikula peke yake.

Mtu atasema Ulaya ni tajiri, sisi tutatoa wapi fedha za kufidiana? Si lazima iwe fedha taslimu. Serikali zetu nane hununua sare za askari, mashuka ya hospitali na vyandarua kila mwaka. Zikikubaliana kwamba kiwanda cha mwanachama aliyefungiwa soko kwa sababu ya msimamo wa pamoja kipewe kipaumbele katika zabuni hizo, tayari hasara imegawanywa. Zikikubaliana kwamba nchi moja ikipandishiwa ushuru na mkubwa kwa azimio la wote, zote zitapeleka lalamiko kwa sahihi moja, mkubwa atafikiri mara mbili.

Kwa hiyo mkutano ujao wa wakuu wa nchi ukitoa azimio litakaloikera Washington, Brussels au Beijing, waandishi wenzangu mtakaokuwa ukumbini ulizeni jambo moja kabla ya makofi: nani atalipa zaidi, na wengine watamchangia nini? Wakikosa jibu, andikeni kwamba azimio bado halijapitishwa.