Maji Hupangwa Kabla ya Mbegu
Wiki hii, uani kwa jirani hapa Tanga, nimekuta mshubiri umeoza shina, na mnanaa ulio kando yake umetambaa hadi ukutani. Ilipandwa tuta moja, ikamwagiliwa kwa ndoo moja. Mnanaa hupenda unyevu. Mshubiri hutaka mchanga, jua na maji kwa nadra. Nami husema, maji hupangwa kabla ya mbegu. Mnanaa upandwe ndani ya kopo, maana mizizi yake haijui mpaka. Kotimiri na mrehani vikae hatua chache kutoka jikoni, mkono uvifikie mchuzi ukiwa motoni. Mchaichai upewe pembe, kwani shina moja huwa kichaka. Marehemu bibi yangu alitenga pia mimea ya kuliwa na ya kutibu, na hapo ndipo wengi wetu tunapozembea. Mafuta ya mwarobaini yanaweza kumdhuru vibaya mtoto mchanga, na utomvu wa njano wa mshubiri huharisha. Kuuita mmea dawa bila kujua kipimo chake ni kuiweka nyumba nzima hatarini. Mjamzito asinywe dawa yoyote ya bustanini kabla ya kumwuliza mkunga au daktari.