Nani Kasema Waya Wangu Ni Mwizi?

Najua nimepotea hapa kijiweni kama wiki tatu hivi, na wengine mmeshaanza kunong'ona kwamba nimedisko. Sijadisko (bado). Nilikuwa napigana na waya. Tena kiwaya chenyewe kifupi, upande mmoja USB, upande mwingine vipini vinne. Leo nina hasira, kwa hiyo nikiandika kama nagombana mnisamehe, kwa sababu kweli nagombana.

Kwa wasiojua kisa: boom la mwisho lilipoingia, watu walinunua viatu, mimi nikanunua PlayStation ya kwanza, ile ya kijivu, kwa jamaa wa kwetu aliyekuwa anafunga kibanda chake cha gemu. Kabla ya kutoa hela niliigeuza nyuma nione kama ina tundu la seriali, lile ambalo zamani lilikuwa la kuunganisha mashine mbili watu wacheze kwa TV mbili. Ile ndogo nyeupe ya baadaye, PS one, haina tundu hilo, kwa hiyo mkitaka kunifuata msije mkauziwa hiyo. Yangu inalo. Na imeshachipiwa tangu enzi za kibanda, maana yake inasoma CD yoyote niliyochoma mwenyewe.

Roommate akauliza: na wewe na umri huo utacheza gemu la 1995? Sichezi, kaka. Naandika. Kuna vifaa vya bure vya kuandikia programu za mashine hii, mimi natumia PSn00bSDK. Unaandika C kwenye laptopu, unatengeneza faili, unalisukuma kwa waya mpaka kwenye PlayStation, linatembea. Upande wa mashine kuna programu ndogo iitwayo Unirom, unaichoma kwenye CD, ikiwaka inakaa inasubiri kitu kije kwa waya. Prosesa ya megahezi 33 na ushee, kumbukumbu megabaiti 2. Basi. Hakuna pa kujificha. Ukikosea anwani ya kumbukumbu unaiona kosa lako pale pale kwenye TV. Mimi semesta nzima nimejifunza mikroprosesa kwa kuchora maboksi ubaoni na kukariri desa, na nawaambia ukweli, wiki tatu na hili boksi la kijivu zimenifundisha zaidi.

Na wala si wazo la kihuni. Sony wenyewe kati ya 1996 na 1997 waliuza PlayStation nyeusi iliyoitwa Net Yaroze, kwa ajili ya watu wa nyumbani na wanafunzi, inaunganishwa na kompyuta kwa waya wa seriali hivi hivi. Ilikuwa kama dola 750. Mimi nafanya jambo lile lile kwa hela ya viatu.

Sasa waya. Laptopu za siku hizi hazina tundu la seriali, kwa hiyo unahitaji adapta: USB huku, seriali kule, katikati kuna kichipu kinachotafsiri. Nikaenda Kariakoo. Muuzaji wa kwanza akanipa ule wenye kichwa kipana cha pini tisa. "Dogo, seriali ni seriali, chukua." Namshukuru Mungu sikuuchukua. Ule ni RS-232, unatoa volti za juu, na unakwenda hadi chini ya sifuri, wakati PlayStation inataka volti 3.3 tu. Ningeuchomeka mle ningekuwa na boksi la kijivu la kuwekea chumvi. Muuzaji wa pili alikuwa na ile ya vipini vinne, elfu 12, juu ya chipu limeandikwa jina la kampuni kubwa. Kampuni siitaji, sina hela ya mwanasheria. Nikalipa.

Usiku ule ule, kwenye laptopu ya roommate yenye Windows, ikakubali. Nikalala nikicheka. Siku tatu baadaye laptopu ikajisasisha yenyewe kama kawaida yake, asubuhi nachomeka, alama ya njano. Kifaa hakiwezi kuanza, kodi 10. Hakuna maelezo mengine. Nikabadilisha tundu la USB, nikawasha upya, nikachomea upya waya zangu zote nikidhani nimeharibu mimi, na kidole nikakiunguza. Siku mbili zimepotea na mradi una tarehe! Ndiyo baadaye nikaja kugundua: draiva mpya imeangalia chipu, imeona ni ya kuiga, imegoma.

Na hapo ndipo mahubiri yalipoanza. Roommate: "Si ungenunua orijino?" Jamaa wa chumba cha pili: "Bei rahisi ni ghali, mwanangu." Nikamfuata hata mtu wa maabara, mtu mzima, nikamwamkia vizuri, naye: "Marahaba. Vijana mnapenda feki." Wote wanasema kama walikutana wakapanga.

Nijibu sasa.

Kwanza, nyie wahubiri. Roommate wangu, kaka yangu kabisa nampenda, ujana wako wote umecheza Winning Eleven kwenye CD za kuchoma. Mimi pia. Mtaa mzima. Mashine ileile iliyo mezani kwetu ina chipu ya wizi ndani yake na hukuwahi kutoa mawaidha. Leo umepata wapi ulokole? Tena kule sisi tulijua tunachonunua, CD imeandikwa kwa kalamu ya wino! Mimi adapta hii sikujua. Jina la kampuni limechapwa juu ya chipu. Muuzaji hajui, aliyemletea pengine hajui. Niambieni, mngeniambia nini pale dukani? Nifungue plastiki, nitoe hadubini?

Pili, na hili ndilo kubwa. Nakubali kuiga chipu ya mtu ni wizi. Watu walikaa miaka wakaichora, mwingine akaja akaiga na kuweka jina lao. Wakimkamata nitapiga makofi. Lakini angalieni hasara imetua wapi. Aliyeiga ameshalipwa. Aliyeingiza kontena ameshalipwa. Duka limeshalipwa. Amebaki mwanafunzi mmoja wa mwaka wa tatu, na draiva inamshughulikia huyo huyo. Ni kama umekula ubwabwa wako kwa mama ntilie, umelipa, halafu jioni anakuja mtu kukukaba koo wewe kwa sababu kuna mtu alimuibia mchele.

Msidhani naongea hewani, jambo hili lina historia. Mwaka 2014 FTDI, kampuni ya Glasgow kule Scotland ambayo chipu zake zinajulikana sana kwenye mambo haya, ilitoa draiva iliyofika kwa watu kupitia masasisho ya Windows yenyewe. Draiva ile ikikutana na chipu ya kuiga, haikugoma tu. Iliingia ndani ya chipu ikabadilisha namba yake ya utambulisho ikawa sifuri. Baada ya hapo hata ukihamia kompyuta nyingine, hata Linux, hata Mac, kifaa hakijulikani. Yaani umesasisha kompyuta yako kama ulivyoambiwa ufanye kwa usalama wako, na umeua kifaa chako kwa mkono wako. Kelele zikawa nyingi, Oktoba ile ile wakaiondoa. Mkadhani wamejifunza? Mwaka 2016 ikaja nyingine. Hii haikuua, ila katikati ya data yako ilichomeka maneno ya Kiingereza ya kusema kifaa si halisi. Sasa fikiria waya ule hauko kwenye PlayStation ya mwanafunzi, uko kwenye mashine ya kiwandani inayosubiri namba, inaletewa sentensi.

Kuna mtu ataniambia draiva ni mali yao, wana haki ya kukataa kuhudumia chipu ya mwizi. Sawa, hilo nakubali nusu. Kukataa ni haki yako. Lakini kataa siku ya kwanza, wakati bado nina risiti na muuzaji bado ananikumbuka sura. Na kataa kwa kusema. Andika sentensi moja, "hii si chipu yetu", nitaelewa na nitarudi Kariakoo kugombana na mhusika. Kodi 10 ni tusi. Ila kuingia ndani ya kifaa changu na kukigeuza, hapana, hapo umetoka kwenye kukataa huduma umeingia kwenye kuvunja mlango wa mtu. Hata polisi anahitaji kibali.

Mtu wa maabara yeye namuachia hivi hivi. Shikamoo tena mzee.

Haya, mliokuja kutafuta dawa, najua mpo, si wote mnapenda ugomvi wangu. Mimi nilihamia Linux. Draiva za chipu hizi zimo humo humo ndani tangu mwanzo, na ya chipu yangu haikuniuliza ukoo. Chomeka, andika dmesg, utaona jina la chipu na ttyUSB0. Ukiambiwa huna ruhusa, jiingize kwenye kundi la dialout kisha toka na uingie upya (mimi sikutoka, nikapoteza saa nzima kama mjinga). Wenye Ubuntu 22.04 na chipu ya CH340, ikitokea halafu ikapotea hapo hapo, kuna programu ya kuwasaidia wasioona kusoma kwa Braille ambayo inadhani chipu hiyo ni kifaa chake na inainyakua. Kama huihitaji, iondoe.

Na kama ndiyo kwanza unanunua, hiyo CH340 ni ya Kichina na inasema ni ya Kichina, ina jina lake na draiva yake, haijifanyi mtu mwingine. Ni bei nafuu. Mnaona? Shida yetu haikuwa umaskini wala Uchina.

Kabla hujagusa PlayStation yako, fanya majaribio mawili. Unganisha TX na RX ya adapta yenyewe kwa kipande cha waya, fungua programu ya seriali, andika jina lako. Likirudi kwenye skrini, adapta inaongea. Likikoma ukitoa waya, ndiyo hakika. Kisha azima mita kwa fundi redio yeyote, pima TX dhidi ya ardhi wakati haitumi kitu. Laini hiyo ikiwa imetulia inakaa juu, kwa hiyo mita itakwambia moja kwa moja kama ni 3.3 au 5. Usiamini kile kiswichi kidogo chenye maandishi 3.3V, kwenye adapta nyingine kinabadilisha pini ya umeme tu, TX inabaki 5. Pima. Na TX ya huku inakwenda RX ya kule. Sisemi nani aliunganisha TX kwa TX usiku kucha akalaani kampuni nzima.

Mwendo ni biti 115200 kwa sekunde. Ukitoa biti za kuanzia na kumalizia unabaki na kama kilobaiti 10 au 11 kwa sekunde. Programu yangu ina kilobaiti 300, kwa hiyo ni nusu dakika ya kuangalia namba zikipanda. Ukijaza megabaiti zote 2 ni dakika tatu, unakwenda kuchota maji unarudi.

Juzi saa nane usiku ikakubali. TV ya common room, skrini nyeusi, herufi nyeupe: MAMBO VIPI. Pembetatu ya rangi tatu chini yake inazunguka. Roommate aliamshwa kwa nguvu, akaja na shuka begani, akaangalia kama dakika nzima. Akasema, "Sasa hiyo pembetatu inafunga magoli?"

Adapta ni ile ile ya elfu 12. Iko mezani, inafanya kazi, na nimeiandikia ubavuni kwa kalamu: HALALI. Draiva ya laptopu ya roommate bado inaikataa.

Pedi yangu ina kitufe cha X kilichokufa. Mwenye ya zamani nyumbani aniletee wikiendi, nitamlipa chipsi mayai. Alhamisi nina pepa, nakwenda kudesa.